Mtoto Anaamka Saa Kumi, Vipindi Vinapotelea Wapi?

Ujumbe uliingia Jumapili usiku kutoka kwa mama mmoja wa upande wa Ahero, karibu na Kisumu nchini Kenya. "Mwalimu, habari za jioni. Kijana wangu yuko Gredi ya 9, shule ya kutwa. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa moja usiku. Pesa ya masomo ya asubuhi tumelipa. Hisabati bado inashuka. Je, tumwongezee na Jumamosi?"

Hapana, mama. Jumamosi iache ilivyo. Sisi tunaokaa na karatasi ya manila, penseli na kifutio kupanga ratiba kila shule zinapokaribia kufunguliwa tunajua jambo ambalo wazazi huwa hawaambiwi: mtoto anaweza kukaa nje ya nyumba saa kumi na nne na bado akafundishwa saa nne tu. Zilizobaki huvuja. Zinavujia mahali panapojulikana, na pengi pa hapo panazibika bila kuchangisha hata shilingi.

Tuanze na alfajiri, kwa kuwa pesa yako ilienda huko. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinataja saa za darasani kuwa ni kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa, kisha michezo na vyama hadi saa 10:45. Mtoto wa kutwa hatakiwi kulazimishwa kuripoti kabla ya saa 1:15 asubuhi. Masomo ya likizo nayo yalipigwa marufuku na kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na adhabu imewekwa. Kila mtu anajua, kila mtu amenyamaza. Na tusiwasingizie walimu wakuu peke yao. Wazazi ndio hushindana: shule ya jirani ikiwasha taa saa kumi na moja na nusu, ya kwetu ikiwasha saa moja kasoro tunasema walimu wetu wamelala.

Huku kwetu magharibi kuna jambo jingine linalosahaulika. Saa ya Kenya imepimwa kwa longitudo ya 45, mstari ambao haugusi Kenya kabisa, unapita Somalia. Kisumu iko karibu na longitudo ya 34.75. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua, kwa hiyo saa ya ukutani Kisumu imelitangulia jua kwa takriban dakika 40. Mombasa wanaliona jua kama dakika 20 kabla yetu. Mwezi wa kumi na moja kwetu linachomoza karibu saa 12:20, lakini mwezi wa pili, katikati ya muhula wa kwanza, linachomoza karibu saa 12:50. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na moja anatembea gizani karibu saa mbili kamili kabla jua halijaonekana. Kama ni msichana na njia yake inapita kwenye mashamba ya miwa au ya mpunga, hilo tayari ni suala la usalama, sembuse masomo.

Sasa piga hesabu ya usingizi. Wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Wako akirudi saa moja usiku, akaoga, akala, akafanya kazi ya ziada, hawezi kulala kabla ya saa nne. Anaamka saa kumi ili atoke saa kumi na moja. Hizo ni saa 6. Kwa siku tano za shule anadaiwa saa 10 kwa uchache, yaani usiku mmoja mzima kila wiki. Wanafunzi wa bweni hawana nafuu kubwa: kanuni zilezile zinawapa kitanda kuanzia saa 3:30 usiku hadi saa 11:00 alfajiri, ambazo ni saa 7 na nusu, na hapo ni kama msimamizi wa bweni amezima taa kwa wakati.

Usingizi ndio wakati ambao ubongo unapanga yale ya mchana. Ukiukata, umekata somo la jana ili ulipie somo la leo. Huko Marekani, jiji la Seattle lilisogeza mwanzo wa shule za upili kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi mwaka 2016, na watafiti waliowavisha wanafunzi vifaa vya kupima usingizi mkononi wakakuta wanalala dakika 34 zaidi kila usiku. Watu walikuwa wamehofia kwamba watoto wangekesha tu zaidi. Hawakukesha. Kwa hiyo mtoto anayesinzia kwenye kipindi cha pili hajawa mvivu, na kumsimamisha nyuma ya darasa hakumrudishii saa zake.

Tuingie shuleni sasa. Gredi ya 7 hadi ya 9 ina vipindi 40 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Masomo ni tisa. Manne kati yake yana vipindi vitano kwa wiki: Kiingereza, Hisabati, Sayansi Jumuishi, na Sanaa Bunifu na Michezo. Matano yaliyobaki yana vipindi vinne vinne. Hesabu hii ni tamu kwa mpangaji: yale manne yanakaa kila siku mara moja, na katika yale matano kila siku moja linapumzika. Ukiona darasa lina Hisabati mara mbili Jumanne na halina Alhamisi, ujue mtu aliharakisha au alikuwa anambembeleza mwalimu anayetaka kuondoka mapema.

Vipindi vinane kwa siku ni dakika 320. Kutoka saa 2:00 hadi saa 9:30 ni dakika 450. Nafasi ipo, tena ya kutosha. Weka vipindi viwili, pumziko la dakika 10, viwili tena, chai nusu saa, viwili, chakula saa nzima, kisha viwili vya mwisho. Utamaliza saa 9:00 kamili na nusu saa imebaki mkononi.

Hiyo nusu saa ndiyo shule nyingi huitupa. Ratiba inasema kipindi cha kwanza kinaisha saa 2:40 na cha pili kinaanza saa 2:40. Mwalimu ni malaika? Anatoka Gredi ya 7, anavuka uwanja, anapitia ofisini kuchukua vitabu, anafika Gredi ya 9 saa 2:45. Kisha ubao unafutwa. Dakika tano kwa kila kipindi, mara vipindi vinane, ni dakika 40: kipindi kizima kila siku, vitano kwa wiki, 65 kwa muhula wa wiki 13. Hizo ni siku nane za shule zilizoliwa na uwanja. Dawa yake ni kuandika kwenye ratiba dakika tano za kubadilishana kati ya vipindi vinavyofuatana. Mahali pa namna hiyo ni panne kwa siku, jumla dakika 20. Shule itafungwa saa 9:20, bado ndani ya kanuni. Vile vipindi vitatu vinavyofuata pumziko havihitaji nyongeza. Vinachotaka ni kengele ya kwanza igongwe dakika tano kabla pumziko halijaisha, ili mwanafunzi na mwalimu wakutane mlangoni.

Na kengele yenyewe. Katika shule nyingi za huku ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na anayeigonga kwa kipande cha nondo ni mwanafunzi ambaye naye yuko darasani. Anatazama saa gani? Ya ukutani ofisini imechelewa dakika nne, simu ya mwalimu wa zamu iko sawa, saa ya mkononi ya kijana imetangulia. Chagua moja, iwe simu ya mwalimu wa zamu. Wagonga kengele wawe wawili, kutoka madarasa mawili tofauti, wakipokezana wiki kwa wiki, nao wakae karibu na mlango. Kengele ikichelewa dakika sita kabla ya chai, hakuna anayekatiza chai. Dakika hizo zinakatwa kutoka kwa kipindi cha tano, na mwalimu wa kipindi cha tano ndiye anayelia kila siku bila kujua mwizi wake.

Chakula cha mchana nacho kina hesabu yake, na hapa shule huanguka vibaya. Wanafunzi 600, dirisha moja, mpishi mmoja anayepakua githeri. Hata akiwa na mkono mwepesi wa sekunde 8 kwa sahani, 600 mara 8 ni sekunde 4,800, yaani dakika 80. Saa ya chakula ni dakika 60. Wa mwisho watapata sahani wakati kipindi cha saba kimefika katikati, na hao wa mwisho kwa kawaida ni wadogo, kwa kuwa wakubwa wamewasukuma. Fungua mistari mitatu na foleni inakwisha chini ya nusu saa. Kama miko na wapishi ni haba, tumia sufuria tatu na wanafunzi wa zamu chini ya macho ya mwalimu, au toa madarasa kwa mafungu, Gredi za chini zikitangulia dakika kumi. Usianze kwa kulaumu nidhamu kabla hujahesabu miko.

Choo vilevile. Wasichana 150, milango minne, dakika mbili kwa kila mmoja. Katika pumziko la dakika 10 wanaingia 20. Waliobaki wataomba ruhusa katikati ya Hisabati, na mwalimu atasema wanakwepa hesabu. Wachache wanakwepa kweli. Wengi hawakuwa na namna. Kama huwezi kujenga, tenganisha mapumziko: nusu ya shule itoke baada ya kipindi cha pili, nusu nyingine baada ya cha tatu. Kelele zitakuwepo, lakini foleni itapungua nusu.

Tukija kwenye kupanga somo lipi likae wapi, wazo la kwamba Hisabati lazima iwe asubuhi lina ukweli ndani yake. Nchini Denmark watafiti walipitia mitihani ya kompyuta ya watoto wa shule za umma na kuchapisha mwaka 2016 kwamba kadiri saa zilivyosonga mbele mchana ndivyo alama zilivyoshuka kidogo kidogo, na pumziko la dakika 20 hadi 30 liliziinua tena. Soma hiyo sehemu ya pili mara mbili, maana ndiyo inayotuhusu zaidi. Kipindi kinachofuata chai ni kizuri karibu sawa na cha asubuhi. Shule inayokata chai ili "kumaliza silabasi" inakata tawi ililokalia.

Shida ni kwamba asubuhi haitoshi kila mtu. Chukua shule yenye mkondo mmoja na mwalimu mmoja wa Hisabati na Sayansi Jumuishi kwa Gredi ya 7, 8 na 9. Masomo mawili, vipindi vitano, madarasa matatu: vipindi 30 kwa wiki, sita kila siku. Kabla ya chakula kuna vipindi sita tu. Ukimpa vyote sita mfululizo, kufikia saa sita mchana sauti yake imekauka na Gredi ya mwisho inapata mabaki. Kinachofanya kazi ni hiki: kila darasa lipate Hisabati angalau mara tatu kabla ya chakula, isizidi mara mbili baada yake, na saa zizunguke. Jumatatu kipindi cha nne, Jumanne cha kwanza, Jumatano cha saba, na kadhalika. Darasa ambalo Hisabati yake ni kipindi cha nane wiki nzima limeshafelishwa na penseli. Na kama shule ina mikondo miwili, mwalimu huyo ana vipindi 60 katika wiki yenye nafasi 40. Hapo ratiba haina la kufanya; bodi itafute mtu.

Jumatatu na Ijumaa zichukuliwe kama siku mbovu, zipangwe kwa ubovu wao. Jumatatu kuna paredi, na paredi ina matangazo, na matangazo yana mwalimu wa zamu anayependa kuhutubia. Yakizidi dakika 20 kila wiki, kwa muhula wa wiki 13 kipindi cha kwanza cha Jumatatu kimepoteza dakika 260, yaani vipindi sita na nusu vya somo lilelile na darasa lilelile. Sikukuu ya kitaifa ikiangukia Jumapili, Jumatatu inaondoka. Likizo fupi ya katikati ya muhula inapenda kukata Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa alasiri wachezaji wameshapanda gari kwenda kwa mechi. Kwa hiyo masomo mawili ya vipindi vinne yaliyo nyuma zaidi ndiyo yapumzike, moja Jumatatu na jingine Ijumaa. Lipe kila somo siku yake ya kupumzika kwa kulitazama hili. Muhula wa pili una mpira, voliboli na tamasha la muziki juu ya hayo yote. Katikati ya muhula, pindua ratiba: vipindi vya asubuhi vya Jumatatu vibadilishane na vya Jumatano. Ni kazi ya jioni moja, na mzigo wa siku mbovu unagawanywa.

Halafu mvua. Mtu aliyepangia ratiba yake Nairobi hawezi kuelewa. Kuanzia Machi hadi Mei, kutoka Kakamega hadi Nandi na Kericho, wingu linajikusanya baada ya chakula na kufikia saa nane au tisa linamwagika. Chini ya mabati yasiyo na dari hakuna mwalimu anayesikika, hata akipasua koo. Kericho inaweza kuwa mvua ya mawe. Masomo yanayotaka sikio, kama kusikiliza na kuzungumza, imla, au mada mpya ya Hisabati, yasiwekwe kipindi cha saba na cha nane katika miezi hiyo. Weka kuchora ramani, kuandika insha, zoezi la kurudia, kusoma kimya. Mwalimu mzoefu huwa na zoezi la mvua: maswali kumi yaliyoandikwa kwenye manila, amelikunja nyuma ya kabati, anayabandika ubaoni na kuzunguka akisahihisha mmoja mmoja bila kutamka neno. Kwa upande wa Kano na Nyando tatizo la saa hizo miezi ya kiangazi ni joto, na dawa ni ileile, ukiongeza madirisha wazi na ndoo ya maji ya kunywa mlangoni.

Maabara inataka dabo, vipindi viwili bila kukatizwa. Kwa kipindi kimoja cha dakika 40 Kemia haiwezekani: dakika kumi kugawa vifaa na kueleza, kumi kuosha na kurudisha, zilizobaki 20 hazitoshi kupata vipimo vitatu vinavyokubaliana vya asidi na besi. Darasa la 48 katika makundi ya wanne ni makundi 12. Kila kundi likitumia sentimita za ujazo 100 za kila myeyusho, unahitaji lita 1.2, na ziada ya kumwagika. Anayezitayarisha ni mtu, si jini. Usipange dabo mbili za madarasa tofauti zikifuatana. Acha kipindi kimoja katikati, au weka chai hapo. Dabo isipite juu ya chakula pia, maana bureti, ile mirija ya kupimia myeyusho, zilizoachwa zimejaa saa nzima hukutwa zimechezewa.

Kwa Gredi ya 10, iliyoanza Januari 2026, jambo kubwa ni zile safu za masomo ya kuchagua, yaani makundi ya masomo yanayofundishwa wakati mmoja, mwanafunzi akichukua moja tu katika kila kundi. Makosa yanayofanyika ni kupanga safu kwanza kisha kumlazimisha mtoto aingie. Kusanya machaguo kwanza. Chora jedwali, kila somo likikutana na kila somo, na uhesabu wanafunzi wangapi wanataka yote mawili. Masomo ambayo karibu hakuna anayeyataka pamoja ndiyo yakae safu moja. Wanaotaka Biolojia na Kemia ni wengi, kwa hiyo yasikae safu moja kamwe. Watakaobaki na mgongano watakuwa wachache, na hao unaweza kuketi nao na mzazi mmoja mmoja.

Turudi Ahero. Mama, mwambie kijana achukue daftari dogo la kurasa 32. Kwa wiki mbili, kila kipindi cha Hisabati, aandike saa mwalimu alipoingia na saa alipotoka. Asimwambie mtu, asibishane na mtu. Vipindi 10 mara dakika 40 ni 400. Ukijumlisha ukapata chini ya 300, nenda kwa mwalimu wa darasa kabla ya mwalimu mkuu, umsalimie vizuri, uulize mambo mawili: Hisabati ya Gredi ya 9 inakaa vipindi gani, na nani anaangalia saa ya kengele? Rejista ya mahudhurio ya vipindi ipo shuleni, utaambiwa. Wiki hizo mbili kijana alale saa tatu usiku na atoke nyumbani kukiwa na mwanga, na ile pesa ya asubuhi uiombe ihesabiwe kwenye chakula cha mchana. Wakikataa, waonyeshe ile saa 1:15.

Na kama daftari litaonyesha dakika 380 na Hisabati bado inashuka, tuandikie tena. Hapo ratiba haina hatia, na tutaanza na daftari lake la Gredi ya 7, kwenye kurasa za sehemu na desimali.